Bwana Huwapikia Waliochoka

Maandiko: 1 Wafalme 19:1–8, Mwanzo 25:29–34, Yohana 21:1–15



Jumapili iliyopita niliposema kwamba ujumbe wangu ni kuhusu jikoni, niliona kina baba wakiangaliana. Wengine mkatoa simu. Mlidhani ni ujumbe wa kina mama, si ndiyo? Lakini ibada ilipoisha, ndugu watatu walibaki nyuma wakataka tuongee, na wote walikuwa wanaume. Ndiyo maana nimeombwa niuandike ujumbe huu, ili hata aliyekuwa kazini siku hiyo aupate.

Naanza kwa kukiri. Mwaka jana nilichoka. Sisemi ule uchovu wa kulala vizuri usiku mmoja ukaisha. Nasema ule unaolala nao na kuamka nao. Wengi wenu mnajua nilisomea biashara kabla sijaingia katika huduma, kwa hivyo hesabu za kanisa, mradi wa ujenzi na mikataba ya mafundi, yote yaliangukia meza yangu. Jumatatu niko benki. Jumanne ushirika wa nyumbani. Jumatano maombi. Alhamisi tuko kwa wafiwa, Ijumaa kesha, Jumamosi harusi, Jumapili ibada mbili. Nikifika nyumbani Mlolongo saa tatu usiku, watoto wamelala. Chakula changu kiko mezani, kimefunikwa na sahani. Nakula huku najibu jumbe za WhatsApp. Kesho yake ukiniuliza nilikula nini, siwezi kukuambia.

Jumatano moja jioni nilikuwa natoka ofisini, nikamkuta mama mmoja mjane wa kanisa letu ameketi kwenye benchi pale nje. Ana mfuko mdogo mkononi. Akasimama aliponiona. Nami nikipita tu, bila kusimama, nikamwambia, "Mama, ofisi imefungwa. Njoo kesho." Nikaingia kwenye gari. Nilipofika getini nikatazama kwenye kioo. Bado alikuwa amesimama.

Asubuhi askari wa getini akanipa ule mfuko. Ndani mlikuwa na mayai kumi na mawili, kila yai limefungwa na kipande chake cha gazeti. Yule mama hakuja kuomba kitu. Alikuja kuleta.

Niliketi nikiyaangalia yale mayai, mtu wa Mungu, nikajua kuna kitu kimeharibika ndani yangu. Nilikuwa nimeanza kuwaona kondoo wa Bwana kama foleni.

KWANZA: MUNGU ALIANZA NA MKATE

Twende kwa nabii Eliya. Sura ya 18 tunamkuta mlima Karmeli, mtu mmoja mbele ya manabii 450 wa Baali. Moto unashuka. Mvua inanyesha baada ya ukame mrefu. Anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kama hiyo ingekuwa ripoti ya mwaka, kila mshale ungekuwa unaelekea juu.

Halafu fungua sura ya 19. Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na mtu aliyeshusha moto anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anatembea peke yake jangwani mwendo wa siku moja. Anaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Sasa angalia Mungu anafanya nini. Hamkemei. Hamwulizi imani yake imeenda wapi. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa, na Eliya akiangalia karibu na kichwa chake anaona mkate uliookwa kwenye makaa, na maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumwambia ale, maana safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Kwa chakula hicho anatembea siku 40, usiku na mchana, mpaka Horebu. Ni huko Horebu ndipo Mungu anamwuliza maswali na kumpa kazi mpya. Mazungumzo mazito yalikuja baada ya chakula na usingizi.

Sisi Wapentekoste hapo tuna shida kidogo. Tukimwona mtu amechoka tunamwambia afunge siku tatu. Kufunga ni kwema, mimi mwenyewe nafunga. Lakini siku ile chini ya mretemu Eliya hakuhitaji kufunga. Alihitaji mtu wa kumwekea kitu motoni.

PILI: MTU ALIYECHOKA HUFANYA BIASHARA MBAYA

Chuoni tulifundishwa jambo moja linaloitwa uchakavu. Kila mashine inachakaa, hata kama leo inafanya kazi vizuri. Mfanyabiashara mwenye akili huandika uchakavu huo kwenye vitabu kila mwaka, na huweka kitu kando. Asiyeuandika, vitabu vyake vinaonyesha faida ambayo haipo. Siku mashine inasimama, hana pesa ya kununua nyingine.

Mimi nilikuwa nimeandika uchakavu wa jenereta ya kanisa. Nimeandika wa vyombo vya muziki. Wangu sikuandika.

Soma habari za Esau. Yakobo anapika dengu nyumbani. Esau anatoka porini akiwa hoi, ananusa sufuria, anaomba. Yakobo anasema, sawa, lakini kwanza niuzie haki ya mzaliwa wa kwanza. Naye Esau anajibu kwamba yuko karibu kufa, haki hiyo itamsaidia nini? Hebu tuulize: kweli Esau alikuwa anakufa? Mtu anayekufa hatoki porini kwa miguu yake mpaka nyumbani. Ni uchovu uliokuwa unaongea. Na uchovu hauna hesabu. Unaona sufuria tu, hauoni kesho.

Waangalie hawa wawili, Eliya na Esau. Wote wamechoka. Wote wanazungumza habari za kufa. Wote wanapewa mkate. Lakini mmoja alikula bure akapata nguvu za safari, na mwingine alikula akabaki bila urithi. Tofauti iko kwa aliyewapikia. Aliyempikia Eliya alimpenda. Aliyempikia Esau alikuwa na mkataba mfukoni.

Wapendwa, hata leo ukiwa hoi kuna mtu mahali anakupikia dengu. Ule mkopo wa simu unaouchukua saa tano usiku, ukiwa umelala chali, kwa kubonyeza mara mbili tu, ungeuchukua kama ungekuwa umekula na kulala? Ule ujumbe uliomtumia ndugu yako kwa hasira, si uliuandika ukiwa kwenye jam, tumbo tupu? Mimi niliomba taarifa yangu ya M-Pesa, nikaketi nayo kama mhasibu. Chipsi, soda, chakula cha hoteli, nilikuwa natumia karibu shilingi 400 kwa siku, siku sita kwa wiki. Piga hesabu: shilingi 9,600 kwa wiki nne. Na bado nilikuwa na njaa.

TATU: JINSI BWANA ALIVYONIPELEKA JIKONI

Nilimwendea yule mama kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kichungaji. Hakuniacha nimalize. Akanitazama, akasema, "Mchungaji, wewe umechoka. Nani anakupikia?"

Nikasema, "Mke wangu."

Akasema, "Na yeye nani anampikia?"

Wapendwa, nimefanya mitihani mingi. Hilo swali sikuwa na jibu lake.

Wiki ileile mke wangu, ambaye ni muuguzi, akapangiwa zamu ya usiku mwezi mzima. Jiko likawa langu, nitake nisitake. Ikabidi nifike nyumbani saa kumi na mbili, na ajabu ni kwamba kanisa halikuanguka.

Usiku wa kwanza nilitia unga kabla maji hayajachemka. Binti yangu akaangalia sahani, akaniuliza kwa upole, "Baba, hii ni ugali ama ni uji?" Nikampigia mama yangu simu. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akasema, "Maji yachemke kwanza, mwanangu. Ukiwa na haraka na ugali, ugali utakuaibisha."

Wiki ya pili nikaanza kuelewa kitu. Huwezi kukata sukuma wiki nyembamba huku umeshika simu. Kisu hakikubali. Kitunguu kina muda wake wa kuiva, nyanya ina muda wake wa kulainika mpaka iwe rojo na mafuta yaanze kuonekana juu. Ukiongeza moto unaunguza tu, huongezi mwendo. Siku moja niligundua nimesimama hapo dakika arobaini, mtoto mmoja anachambua dania, mwingine anaimba wimbo wa Shule ya Jumapili, na sijafikiria mradi wa ujenzi hata mara moja. Nilikuwa nimepumzika nikiwa nimesimama.

Nikajiuliza, kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu kazi yetu nyingi haina mwisho. Hakuna siku mchungaji anasema, leo nimewamaliza watu. Mwalimu hamalizi, mfanyabiashara hamalizi, mama wa nyumbani hamalizi. Lakini sufuria moja ina mwanzo na mwisho. Saa moja inachemka, saa mbili watu wanakula, saa tatu imeoshwa na kufunikwa. Soma Mwanzo 1 tena. Mungu hakungoja siku ya saba ndipo atazame kazi yake. Njiani alikuwa akisimama, anaangalia alichokifanya na kukiona ni chema, kisha jioni inaingia. Na sisi tunahitaji kazi ndogo ambayo jioni tunaweza kuiangalia, tukaionja, tukasema, hii imekuwa njema.

Jumamosi moja yule mama alikuja kwetu kutufundisha chapati. Tukaweka unga, chumvi, maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo. Nikakanda mpaka mikono ikauma. Mimi mtu wa haraka, nikachukua donge papo hapo nikaanza kusukuma. Nikilisukuma linarudi. Nikilivuta linajikunja. Nikaongeza nguvu, likapasuka. Yule mama akaniondolea ubao, akafunika unga na kitambaa kibichi, akasema, "Wacha upumzike."

Tukaketi nusu saa tukinywa chai. Tuliporudi, donge lilelile lilifunguka chini ya mkono kama linatii. Unga uleule, mikono ileile. Hatukuwa tumeongeza kitu isipokuwa muda. Unga wa ngano ukikandwa unakaza, na usipopumzishwa kila ukiugusa unakupinga. Nikajikumbuka mimi na lile benchi la ofisini. Mama alinigusa kidogo tu, nami nikajikunja.

NNE: YESU ALIWASHA MOTO WA MAKAA

Habari zikafika kanisani. Mzee mmoja wetu akaniambia mbele ya watu, "Pasta, tunasikia umekaliwa chapati." Tukacheka wote. Nikamwambia, "Mzee wangu, hizo chapati nimezisukuma mwenyewe. Na Yesu alichoma samaki."

Yohana 21. Bwana amefufuka. Ameshinda mauti na kaburi. Wanafunzi saba wamevua samaki usiku kucha na hawajapata kitu. Kunapambazuka wanamwona mtu ufuoni. Wanatupa jarife kwa neno lake, wanapata samaki wakubwa 153. Wakishuka pwani wanakuta nini? Wanakuta moto wa makaa umewashwa, samaki wako juu yake, na mkate uko. Mfalme wa wafalme amekuwa akikoka moto wakati wao wako baharini.

Halafu anawaambia walete na baadhi ya samaki wao. Kwani wake hawakutosha? Alitaka wapike pamoja. Mtu aliyekesha bure, kitu chake kidogo alichokipata sasa kiko juu ya moto wa Bwana pamoja na cha Bwana. Huko ni kurudishiwa heshima.

Na kuna jambo lingine. Moto wa makaa katika Injili ya Yohana unatajwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, pale Petro aliposimama akiota moto na kumkana Bwana. Mara ya pili ni hapa. Petro alipofika pwani na kunusa yale makaa, unadhani alikumbuka nini? Lakini Yesu hakuanza na swali. Alianza na kiamsha kinywa. Mstari wa 15 unasema wazi kwamba walipokwisha kula ndipo alipomwuliza Petro kama anampenda. Aliaibika mbele ya moto, akarudishwa mbele ya moto, na katikati hapo alilishwa. Sema amina.

TANO: NA MPISHI JE?

Sasa kina baba, kabla hujafunga kijarida hiki uende kumwambia mke wako, "Pasta amesema kupika ni kupumzika, kwa hivyo nenda ukapumzike," ngoja kwanza.

Ule mwezi ulipoisha nilimweleza mke wangu kwa furaha jinsi jikoni kulivyonipa pumziko. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ni kweli, Pasta. Wewe unapika ukitaka kupumzika. Mimi miaka tisa nimepika nikiwa nimechoka, na ukija unakula ukiangalia simu."

Sikujitetea. Ningejitetea na nini?

Sufuria ni ileile, wapendwa, lakini inaweza kumpumzisha mmoja na kummaliza mwingine. Soma Luka 10. Yesu hakumkataza Martha kupika. Alimwonyesha kwamba anahangaika na mambo mengi. Na Martha mwenyewe alikuwa amelalamika kwamba ameachwa atumike peke yake. Hangaiko na upweke ndivyo vinavyogeuza jiko kuwa mzigo.

Tena mtu anayesoma Biblia ataniambia: Pasta, Kutoka 35:3 Mungu aliwakataza Waisraeli kuwasha moto nyumbani siku ya sabato. Kupika ni kazi, si pumziko! Nakubali. Lakini jiulize, amri ile ilimpumzisha nani hasa? Ilimpumzisha yule aliyekuwa akiamka kila siku kukoka moto. Mungu alimwona mpishi. Mungu yuleyule aliyemwokea Eliya mkate ndiye aliyesema, na anayeoka naye apate siku yake.

Kwetu tumepanga hivi. Siku tatu kwa wiki jiko ni langu. Siku za mke wangu, hapiki peke yake: kuna anayekata, kuna anayeosha vyombo. Jumapili tunapasha tu githeri tuliyoichemsha Jumamosi. Sijakuwa mkamilifu. Wiki jana nilinunua chipsi mara mbili, na taarifa ya M-Pesa inanishuhudia. Lakini watoto wangu sasa wananijua saa kumi na mbili jioni, si kwa picha tu.

KAZI YA WIKI HII

Chagua jioni moja. Tangu sufuria inapowekwa motoni mpaka vyombo vinapooshwa, simu ikae chumbani. Ombea watu wa nyumba yako ukiwa unakata kitunguu. Hata ukilia hakuna atakayekuuliza.

Baba, pika. Anza na ugali. Maji yachemke kwanza.

Wewe unayeishi peke yako kwenye chumba kimoja, usiseme hakuna haja ya kujipikia. Pika sahani mbili, ugonge mlango wa jirani. Jiko liwe la gesi au la makaa, Bwana mwenyewe alitumia makaa.

Na kama jioni hii hakuna cha kuweka motoni, usinyamaze kwa aibu. Mwambie kiongozi wa ushirika wako. Hatuwezi kuhubiri habari za Bwana anayewapikia waliochoka, halafu mmoja wetu alale njaa nyuma ya ukuta.

Mwisho, kabla hujainua kijiko, mshukuru aliyepika. Kwa jina lake, ukimwangalia machoni.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, wewe wajua tumeumbwa kwa mavumbi na tunachoka. Utusamehe tulipowapita watu wako kwenye benchi. Utusamehe tulipokula jasho la wapendwa wetu bila kuwaona. Asiye na nguvu leo umguse kama ulivyomgusa Eliya, umpe mkate na usingizi. Aliyeaibika umketishe kando ya moto wako. Naye apikaye kila siku, Bwana, umpumzishe, na uanze na mikono yetu. Katika jina la Yesu. Amina.